Diski Imegoma? Shida 6 za Disk Management na Vile Utazitoka

Kama uko Munje na hiyo lapi yako ndiyo kazi, unajua kumfikia fundi wa Ukunda ni nauli kwanza, halafu doo ya kazi juu yake. Mbaya zaidi, kuna mafundi wanaobonyeza tu "Format", na video ya harusi ya watu inaenda hivyo. Hii orodha iweke karibu. Ni ya Disk Management, ile programu ya kugawa diski iliyo ndani ya Windows. Bonyeza Windows na X pamoja, uichague hapo.

Sheria moja inatangulia zote: kama vitu vya ndani vina maana kwako na bado vinafunguka, vikopi kwingine kabla hujagusa kitu.

1. "You need to format the disk"
Hapa ndipo wengi huumia. Windows imeshindwa kusoma mpangilio wa faili, na kwa Disk Management utaona imeandikwa RAW. Haimaanishi mafaili yamefutika. Bonyeza Cancel. Jaribu tundu lingine la USB, waya mwingine, lapi ya beshte. Ikikataa bado, tumia TestDisk au PhotoRec, zote ni za bure, na uokolee mafaili kwa diski NYINGINE. Ile mbovu usiisevie kitu. Ikianza kugongagonga ndani, ichomoe, hapo kilichoharibika ni chuma.

2. Flashi imeingia lakini haionekani
Disk Management inaiona, lakini kwa This PC haipo? Labda imekosa herufi. Bonyeza kulia, "Change Drive Letter and Paths", kisha "Add", uipe herufi ya mbali kama M. Ikiandikwa Offline, bonyeza kulia jina la diski, uchague "Online". Ikikuambia "Initialize" na unajua ina vitu, kataa.

3. "Extend Volume" imefifia
C imejaa, nafasi tupu iko, lakini haibonyezeki. Disk Management inataka hiyo nafasi iwe imegusana na C upande wa kulia. Mara nyingi kipande cha Recovery kimekaa katikati. Utatoka na GParted, ya bure, unayoiwasha kutoka kwa flashi na inaweza kusogeza vipande. Jaza betri na uache chaja imechomekwa, juu lapi ikizima katikati ya kusogeza, mafaili yanaweza kuenda nayo. Kama diski ina BitLocker, izime kwanza na ungoje imalize.

4. "Shrink" inakupa nafasi kiduchu
Una GB 100 tupu, inakubali kukata GB 5 pekee. Kuna faili ambazo Windows haisogezi ikiwa imewaka: hiberfil.sys, pagefile.sys na zile za System Restore. Fungua Command Prompt kama admin, andika powercfg /h off, uzime pia pagefile na System Restore, uzime lapi na kuiwasha, ujaribu tena. Ukimaliza, virudishe. Jua tu kwamba restore points za zamani zitafutika.

5. Diski ya TB 4 inatumika TB 2 pekee
Ilipangwa kwa MBR, na MBR kwa kawaida haivuki TB 2. Inataka GPT. Disk Management haiibadilishi mpaka ufute vipande vyote, kwa hivyo hamisha kila kitu kwanza.
(TB 1 kusoma GB 931 ni kitu kingine, na hujaibiwa. Mwenye kiwanda anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.)

6. Video inakataa kuingia na nafasi ipo
Flashi ni FAT32, na FAT32 haibebi faili moja inayofika GB 4. Toa vitu vyako, kisha uiformati kwa exFAT. Lakini redio nyingi za gari na TV za zamani husoma FAT32 pekee, kwa hivyo flashi ya ngoma iache ilivyo.

Ukisahau yote, shika moja: "Format" ndiyo ya mwisho kabisa. Flashi mpya utanunua, lakini bibi harusi hatavaa tena ndio ushuti upya.