Kompyuta, Kalamu na Ukuta wa Zege: Kuzama kwa Sleipner A, 1991

Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba ya Gandsfjorden karibu na mji wa Stavanger, Norwe, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilikuwa kikididimizwa majini kwa majaribio. Shindo kubwa lilisikika, maji yakaingia kwa kasi, na muda wa dakika 18 hivi baadaye kitako chote kilikuwa kimezama. Waliokuwamo waliokolewa wote. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 700 za Marekani. Masimulizi mengi ya tukio hili huhitimisha kwamba kompyuta ilikosea. Makala haya yanaona hitimisho hilo kuwa la haraka mno.

Kitako kilikuwa na matangi 24 ya zege yaliyoshikamana. Palipokutana matangi matatu palibaki uwazi wa pembetatu, usiofunikwa juu. Humo maji ya bahari yalijaa na kuzisukuma kuta. Wasanifu waliikokotoa mikazo ya kuta hizo kwa NASTRAN, programu yenye asili yake katika shirika la NASA, ambayo huligawa umbo katika vipande vidogo na kutatua milinganyo ya vipande vyote kwa pamoja. Katika pembe za uwazi ule vipande vilikuwa vikubwa kupita kiasi na vingine vimepindapinda. Matokeo yalikuwa kwamba kani ya kuukata ukuta ilikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Kasoro ya pili ilifuata: nondo zenye vichwa, zilizokusudiwa kuufunga ukuta penye maungio, zilikuwa fupi mno.

Hapa ndipo ukokotozi wa mkono unapopata uzito wake. Ukuta ule unaweza kutazamwa kama boriti iliyoshikwa ncha zote mbili na kusukumwa sawasawa na maji. Safu ya maji ya mita 65 hutoa shinikizo la takriban kilopaskali 650, yaani tani 65 hivi kwa kila mita ya mraba. Kani ya kukata kwenye ncha ni shinikizo hilo mara nusu ya urefu wa boriti, basi. Haitegemei ugumu wa zege wala ukubwa wa vipande. Inategemea tu kwamba nguvu zinazosukuma lazima zilingane na zinazozuia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeikokotoa kwenye kipande cha karatasi, na tofauti ya karibu nusu nzima ingemshtua.

Hata hivyo, kalamu nayo ina mipaka. Boriti ya karatasini haionyeshi mikazo inavyojikusanya kwenye pembe. Baada ya ajali, uchambuzi wa kompyuta uliofanywa kwa vipande vizuri zaidi ulibashiri kwamba ukuta ungevunjika kwenye mita 62 za maji. Ulivunjika kwenye mita 65. Mbinu ileile iliyolaumiwa, ilipotumiwa kwa uangalifu, ilikaribia ukweli kwa mita tatu.

Kitako cha pili hakikuweza kusubiri, kwa kuwa tarehe za kupeleka gesi zilikuwa zimekwisha kupangwa. Wahandisi wa Norwe walirudia mbinu za enzi ya kabla ya kompyuta. Matokeo mapya ya kompyuta yalipopatikana, kitako kizima kilikuwa kimesanifiwa kwa mkono na sehemu yake kubwa imekwisha kujengwa. Tarehe 29 Aprili 1993 kiliunganishwa na sitaha yake.