Nairobi hadi New York: Umbali na muda wa safari

Viwanja vya ndege vya Jomo Kenyatta, Nairobi, na John F. Kennedy, New York, vimetenganishwa na takriban kilomita 11,800. Kwa miaka mingi abiria walilazimika kubadilisha ndege njiani, hadi Oktoba 28, 2018, shirika la Kenya Airways lilipoanzisha safari za moja kwa moja.

Kwenda huchukua saa 15 hivi na kurudi saa 14, kwani pepo kali za angani huvuma kutoka magharibi, zikiisukuma ndege inaporejea. Aidha, Nairobi iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi huweza kuilazimu ndege iliyojaa mafuta kupunguza mizigo.

Kutokana na tofauti ya majira, anayeondoka Nairobi saa sita usiku hutua asubuhi ya siku iyo hiyo.