Paa la Bati na Joto Tulilolijenga Wenyewe

Kila ifikapo Januari hadi Machi, jua likiwa utosini na upepo wa kaskazi ukilegea, wakazi wa Temeke, Mbagala, Manzese na Mwananyamala huwa na kauli moja: joto la mwaka huu limezidi. Kauli hiyo ina ukweli wake, maana dunia nzima inazidi kupata joto. Lakini leo nataka tuzungumzie joto la aina nyingine. Ni lile linalobaki chumbani saa nne usiku, wakati watu walioketi barazani wanapunga upepo. Joto hilo lina historia, na sehemu kubwa tumelijenga kwa mikono yetu.

Tuanze na nyumba ya zamani. Nyumba ya Kiswahili iliyoenea Dar es Salaam tangu mji ulipoanza kukua, baada ya Sultani Majid kuanza kuujenga katika miaka ya 1860, ilikuwa na mpango unaojulikana na kila mtu. Mbele kuna baraza. Katikati kuna ukumbi unaotoka mlango wa mbele mpaka mlango wa nyuma, na huku na huku vyumba, mara nyingi vitatu kila upande. Nyuma kuna uani, penye jiko, choo na kivuli cha mti. Kuta zilikuwa za miti, fito na udongo, mingi ya miti hiyo ikiwa mikoko, kama ile iliyoletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Juu ya yote kulikuwa na paa refu la makuti.

Nyumba hiyo wengi wetu tumefundishwa kuiita duni. Hebu tuitazame kwa macho ya fundi. Makuti yalifanya kazi tatu kwa pamoja: yalizuia mvua, yalizuia jua, na yalipumua. Hewa ya moto ilipanda juu na kutoka kwenye nafasi kati ya ukuta na paa. Upenu ulishuka chini ukaukinga ukuta na jua la asubuhi na la jioni. Ukumbi nao ulikuwa njia ya upepo, kwa sababu milango miwili ikiwa wazi hewa hupita kutoka barazani hadi uani bila kizuizi. Hapakuwa na mhandisi aliyechora mambo hayo. Ni akili ya watu wa pwani, iliyokusanywa kizazi baada ya kizazi.

Sisemi kwamba nyumba ile haikuwa na kasoro. Makuti hushika moto, huvuja, huhifadhi panya, na baada ya miaka michache lazima yabadilishwe. Miti ya ukutani huliwa na mchwa. Ndiyo maana, hata kabla bati halijawa la bei ya kuwezekana, watu wa Dar es Salaam walikwishaanza kukunjua madebe ya mafuta ya taa na kuyapigilia juu ya paa. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaukimbia moto na mvua.

Lakini kuna jambo la pili ambalo si la fundi, ni la mtawala. Mjerumani alitoa kanuni za ujenzi mwaka 1891, mwaka ule ule alipoyahamishia makao makuu yake hapa kutoka Bagamoyo. Kanuni hizo na zilizofuata, hata chini ya Mwingereza, ziliugawa mji kwa aina za majengo, na kwa vitendo zikaugawa kwa rangi za watu. Uzunguni, hadi Oysterbay, viwanja vilikuwa vikubwa, miti mingi, na nyumba zenye veranda zilizoelekezwa kuupokea upepo wa bahari. Kariakoo, Ilala, na baadaye Magomeni, Temeke na Kinondoni, viwanja vilikuwa vidogo, vimebanana, na mbali na ufuko. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, hata upepo wa bahari uligawanywa. Mtawala alijua vizuri thamani ya hewa, akajipimia fungu kubwa.

Ulipokuja Uhuru, ilikuwa haki kabisa kutaka nyumba bora. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na katika miaka ile ya 1960 nyumba za udongo katika sehemu kama Magomeni zilibomolewa na mahali pake zikajengwa nyumba za matofali ya saruji. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966. Katika miaka ya 1970 ukaja mpango wa viwanja vyenye huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliozaa Sinza, Kijitonyama na sehemu za Mikocheni. Kuwa na nyumba ya tofali na bati kukawa ndiko kuendelea.

Mwalimu Nyerere hakulifurahia jambo hilo. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba mapenzi yetu ya saruji na bati yamekuwa kama kupooza kwa mawazo. Watu waliukataa udongo wa kwao, wakausubiri ule ulioitwa udongo Ulaya, ingawa tofali la kuchoma na kigae vingeweza kutengenezwa papo hapo kijijini. Alisema hayo kwa sababu ya gharama na kujitegemea. Leo tunaweza kuongeza sababu nyingine: joto.

Bati peke yake halina hatia. Linadumu, halishiki moto, na linakinga maji safi ya mvua. Hatia yetu ni kwamba tuliondoa makuti yaliyofanya kazi tatu, tukaweka bati linalofanya moja. Bati lililochakaa, saa nane mchana, linaweza kufikia nyuzi 60 za Selsiasi, na bila dari joto hilo hushuka moja kwa moja juu ya kitanda. Tofali la saruji nalo hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Halafu tukakata upenu kuokoa mbao, tukaziba matundu ya juu, tukajaza uani kwa vyumba vya kupangisha, na ukumbi tukaufunga nyuma kwa stoo. Tukapachika madirisha ya vioo vya kusukuma, ambayo kwa maumbile yake hufunguka nusu tu. Kwa kuogopa wezi na mbu tukafunga hata hiyo nusu.

Sasa tunatafuta dawa kwenye umeme. Wenye umri wangu wanakumbuka migao ya mwaka 1992, 1994 na 2006, wakati pangaboi lilining'inia kama pambo. Leo tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, na ni jambo la kujivunia. Lakini umeme kuwapo si sawa na umeme kuwa bure. Pangaboi hula wati 50 hadi 75. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja, kikiwa kinavuma, kinaweza kula wati 800 hadi 1,000, yaani karibu uniti nzima kwa saa moja. Anayeweka kiyoyozi chini ya bati lisilo na dari ni sawa na anayechota maji kwa pakacha, na anayelipia ni yeye kila anaponunua Luku.

Kwa hiyo mwenye nyumba kuukuu anayetaka kuikarabati asianze dukani kwa viyoyozi. Aanzie juu. Aweke dari, na kati ya dari na bati aache nafasi yenye matundu pande mbili, yaliyozibwa kwa wavu, ili hewa ya moto itoke. Bati alipake rangi nyeupe, maana nyeupe hurudisha jua. Akibadilisha kenchi, autoe upenu nje ya kutosha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo kuta zinazoumizwa zaidi na jua ni za mashariki na magharibi. Hizo ndizo za kuwekewa baraza au kupandiwa mwarobaini. Kisha afungue ukumbi, mbele na nyuma, kwa mlango wa nondo na wavu, ili mwizi na mbu wabaki nje na upepo uingie. Juu ya madirisha ajenge matofali yenye matundu. Mengi ya hayo ni kazi ya fundi wa mtaani, na yanaweza kufanywa kidogo kidogo.

Lakini hapa kuna kikwazo ambacho ushauri wa fundi hauwezi kukiondoa. Katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni anayelala kwenye joto ni mpangaji, na anayeamua kuhusu paa ni mwenye nyumba. Dari hugharimu mwenye nyumba. Luku hugharimu mpangaji. Mwenye nyumba anapokea kodi ya miezi sita ile ile, dari iwepo isiwepo. Hivyo mtoto mchanga na bibi kizee wanalala wakitokwa jasho, si kwa kukosa maarifa, bali kwa sababu mwenye kuyatumia maarifa hayo haoni faida yake.

Ndiyo maana nasema suala hili si la familia moja moja. Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi kilianzishwa mwaka 1971, na tangu mwaka 2001 tuna Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Ujuzi tunao nyumbani. Halmashauri zinapokagua ramani za ujenzi hupima umbali wa ukuta na mpaka wa kiwanja; zinaweza pia kuuliza hewa ya moto itatokea wapi. Wapangaji nao, wanapokagua chumba, wazoee kutazama juu kabla ya kutoa fedha. Chumba kisicho na dari kikikosa mpangaji, dari itapatikana.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Siku hizi tunajenga uzio, tunapaka rangi, tunaweka bati la rangi linalong'aa barabarani, halafu jioni ikifika tunatoka kukaa nje kwa sababu ndani hakukaliki. Babu zetu nao walikaa barazani, lakini wao walikaa kwa mazungumzo, na usingizi ulipowajia walikuwa na mahali pa kulala.