SNOBOL4: Lugha Iliyodumu Kuliko Mashine Zake

Lugha nyingi za programu zilikufa pamoja na mashine zilizozibeba. SNOBOL4 haikufuata njia hiyo, na kisa chake kinawahusu wanaisimu, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya kuchambua maneno wala si kupiga hesabu.

Mwaka 1962, David Farber, Ralph Griswold na Ivan Polonsky walifanya kazi katika maabara za Bell, nchini Marekani. Lugha ya COMIT, iliyoasisiwa na Victor Yngve huko MIT kwa ajili ya tafsiri ya kompyuta, haikuwatosheleza. Wakaunda SNOBOL kwenye mashine ya IBM 7090. Mtumiaji alieleza umbo la maneno aliyoyataka, nayo mashine ikayatafuta ndani ya matini.

Ila kila aina ya kompyuta ilikuwa na amri zake. Mkalimani, yaani programu inayosoma amri za lugha na kuzitekeleza, aliandikwa kwa amri za mashine moja tu. Mashine ilipoondolewa, mkalimani naye aliondoka.

SNOBOL4, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1966, ilijibu tatizo hilo. Waundaji walibuni mashine ya kufikirika, wakaipa lugha yake, SIL, yenye amri zaidi ya mia moja. Mkalimani mzima aliandikwa kwa SIL. Aliyetaka kumhamishia kwenye kompyuta nyingine hakumwandika upya: alieleza kila amri ya SIL kwa lugha ya kompyuta yake, kisha akaunganisha. Maabara za Bell zilitoa matini asili ya mkalimani huyo bila malipo, naye akaenea kutoka IBM 360 hadi CDC 6600 na UNIVAC 1108.

Njia hiyo ilikuwa na gharama, maana mkalimani alikwenda polepole. Mwaka 1971 Robert Dewar na Kenneth Belcher walitoa SPITBOL, yenye kasi kubwa zaidi.

Hata hivyo, ni matini ya SIL iliyorahisisha ufufuo. Katika miaka ya 1990 iligeuzwa kuwa lugha ya C, inayoeleweka karibu na kompyuta zote. Hapo palikuwa na fundo: programu inayogeuza SIL kuwa C imeandikwa kwa SNOBOL4 yenyewe. Asiye na mkalimani angempataje? Fundo lilifunguliwa kwa kuambatisha matini ya C iliyokwisha kugeuzwa. Mjenzi huanza na hiyo, humpata mkalimani wa kwanza, kisha mkalimani huyo huweza kuigeuza SIL upya.

Historia hii inafundisha kwamba kuhifadhi nakala iliyo tayari kutumika hakutoshi, kwani nakala hiyo hutegemea mashine yake. Kinachostahili kuhifadhiwa kwanza ni matini asili, pamoja na maelezo ya kuisoma. Ndivyo ilivyo pia kwa kamusi na matini za lugha za watu zinazotunzwa katika kompyuta.