NYIMBO ZA CHUMBA CHA CHINI

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mnaolala leo katika mabweni yale yale tuliyolala sisi: Mhariri ameniomba niandike jambo la historia. Katika kurasa hizi wengi wamekwisha kuandika juu ya wakuu wa shule, mechi za zamani na matokeo ya mitihani, nao wamefanya vyema. Mimi nimechagua historia ndogo zaidi, ya mwanafunzi mmoja wa chuo huko Marekani. Msichana aliyempenda aliolewa na mtu mwingine, naye akakaa nyumbani kwa wazazi wake akijirekodi nyimbo kwa redio kaseti. Nimeichagua kwa sababu katika shule ya wavulana kuvunjika moyo ni jambo la mzaha, hali kila bweni lina mmoja au wawili ambao usiku hawapati usingizi kwa ajili yake.

Kabla hatujafika kwa kijana huyo, yafaa tujue chombo alichotumia. Utepe wa kurekodia sauti ulianzia Ujerumani, ambako Fritz Pfleumer alipata haki ya uvumbuzi wake mwaka 1928. Yeye alitwaa karatasi ndefu nyembamba, akaipaka unga wenye chuma. Mwaka 1935 kampuni ya AEG ilionyesha mjini Berlin mashine ya kutumia utepe wa namna hiyo. Kazi yake si ngumu kuelewa. Sauti ikiingia katika maikrofoni hugeuka umeme. Umeme huo hupita katika kichwa chenye sumaku. Na chembe za chuma zilizo juu ya utepe hujipanga kwa kufuata nguvu ya sumaku ile. Utepe ukipitishwa mara ya pili, chembe zile huzaa umeme mdogo, na spika huurudisha umeme huo kuwa sauti.

Lakini mashine zile zilikuwa kubwa na za bei ghali, kwa hiyo zilikaa katika vituo vya redio na studio. Hata kwetu, bendi kama Juwata na Mlimani Park zilikwenda kurekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu wa kawaida aliyetaka kuisikia sauti yake mwenyewe hakuwa na njia nyepesi.

Njia hiyo ilifunguka mwaka 1963, kampuni ya Philips ya Uholanzi ilipotoa kaseti tunayoijua sote. Utepe wake ulikuwa na upana usiofika milimita 4, nao ulikwenda polepole, chini kidogo ya sentimita 5 kwa sekunde. Kwa sababu ya wembamba huo na mwendo huo, sauti yake ilikuwa hafifu kuliko ile ya studio, na nyuma yake ulisikika mvumo kama wa mvua ya mbali. Hata hivyo kaseti iliingia mfukoni, na mtoto mdogo aliweza kuirekodi kwa kubonyeza vitufe viwili. Kampuni nyingine ziliruhusiwa kuitengeneza, ikaenea dunia nzima. Mombasa na Lamu taarabu za harusini zilirekodiwa kwa kaseti, zikazunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Na sisi wa rika langu hatujasahau kuurudisha utepe kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri.

Sasa tumwangalie kijana wetu. Jina lake lilikuwa Daniel Johnston, aliyezaliwa mwaka 1961 mjini Sacramento, California, akakulia katika jimbo la West Virginia. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano, nyumba ya watu wa kanisa. Alipenda kuchora, na aliwapenda mno wanamuziki wa Beatles. Baada ya kusoma kwa muda mfupi katika chuo kimoja cha Texas, alirudi nyumbani akajiunga na tawi la Chuo Kikuu cha Kent State lililoko East Liverpool, Ohio, asomee sanaa. East Liverpool ni mji uliosifika zamani kwa viwanda vya vyombo vya udongo, nao uko ukingoni mwa mto Ohio, ng'ambo ya West Virginia.

Chuoni hapo alimpenda msichana mmoja. Jina lake limetajwa mara nyingi na wengine. Mimi sioni haja. Msichana yule hakuwa wake, na mwishowe aliolewa na mwanamume ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa maiti kwa mazishi. Wengine wetu tungelisikia jambo hilo tungelicheka. Johnston aliteremka katika chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wake, kwa maana nyumba nyingi za kule hujengwa na chumba kilichochimbwa chini ya sakafu. Akakaa kwenye piano, akaweka karibu redio kaseti ya kawaida ya Sanyo, akabonyeza vitufe viwili.

Kati ya mwaka 1980 na 1981 alikamilisha kanda yake ya kwanza, aliyoiita Songs of Pain, yaani Nyimbo za Maumivu. Katika kanda zake za nyumbani husikika piano isiyolingana vizuri, mvumo wa utepe, na hata sauti ya mama yake akimkaripia. Mwanzoni hakuwa na mashine ya kutolea nakala. Aliyetaka kanda aliimbiwa upya kanda nzima, wimbo kwa wimbo. Juu ya ganda alichora picha kwa mkono wake.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Watu husema ya kwamba huzuni ndiyo iliyomfanya Johnston kuwa mtunzi. La hasha! Vijana waliokataliwa katika Ohio mwaka 1980 walikuwa wengi, na wengi wao hawakuacha hata beti moja. Huzuni ilimpa kisa, bali nyimbo alizipata kwa kazi. Baada ya kanda ile alitoa nyingine, na nyingine tena. Mwaka 1983 peke yake, alipokuwa amehamia Texas kwa ndugu zake, alirekodi kanda mbili zinazosifiwa hadi leo, Yip/Jump Music na Hi, How Are You. Waswahili hawakukosea waliposema: usione vyaelea, vimeundwa.

Wala hakuwa peke yake kuonyesha kwamba chombo hafifu si kizuizi. Mwezi Januari 1982 mwimbaji Bruce Springsteen, ambaye alikuwa tayari mtu mashuhuri, alijirekodi chumbani mwake huko New Jersey kwa mashine ya kaseti yenye njia nne. Alikusudia kuwafundisha wenzake wa bendi nyimbo zile. Walipojaribu kuzipiga studioni, uzito wake ulipotea; basi kaseti ile yenyewe ikatolewa kuwa santuri mwaka huo huo, kwa jina la Nebraska.

Johnston alifika mji wa Austin, akafanya kazi katika mkahawa wa McDonald's, na huko akawa anawagawia watu kanda zake kwa mkono. Mwaka 1985 alionyeshwa katika televisheni ya MTV. Mwaka 1992 Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana alivaa fulana yenye mchoro wa Johnston mbele ya kamera, na jina la kijana wa chumba cha chini likafika nchi nyingi. Mimi mwenyewe nilimjua kwa njia ya filamu iliyotengenezwa juu ya maisha yake mwaka 2005.

Lakini historia isiyosema upande wa pili ni porojo. Johnston alikuwa na ugonjwa wa akili uliomsumbua maisha yake yote, akalazwa hospitalini mara nyingi. Mwaka 1990 alikuwa na baba yake katika ndege ndogo, baba akiwa ndiye rubani. Kwa sababu ya ugonjwa ule mwana aliuchomoa ufunguo wa ndege akautupa nje. Ndege ikaangukia mitini, nao wakaokoka. Alitunzwa na wazazi wake kwa miaka mingi, na alifariki mwezi Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka 58. Kwa hiyo kijana asidhani kwamba ugonjwa ule ndio uliomtungia nyimbo. Ugonjwa ulimnyang'anya miaka ambayo angeliweza kuimba. Ambaye huzuni yake haiishi, hali wala halali, aende kwa mlezi wa bweni au kwa mganga wa shule, wala asione haya. Kanda haitibu.

Nasema hayo nikimkumbuka mwenzetu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi. Tulipokuwa kidato cha tano alipata barua fupi kutoka shule ya wasichana, na juma zima hakuonekana bwaloni. Juma lililofuata aliazima gitaa la bendi ya shule na redio kaseti ya mwalimu wa zamu, akajifungia katika chumba cha masanduku, akarekodi nyimbo tatu. Siku ya kwanza tulimcheka. Siku ya tatu kanda ile ilikuwa inazunguka mabweni yote, na watu waliokuwa wakijifanya mawe waliiomba mara mbili. Sasa iko wapi? Mtu mmoja aliichukua akarekodi juu yake matangazo ya mpira wa Simba na Yanga. Matokeo ya mechi ile yamo katika magazeti mpaka leo, bali zile nyimbo tatu hazimo popote.

Nyimbo za Johnston tunazo kwa sababu zilitunzwa: yeye alizigawa, wengine wakazihifadhi, na mwaka 1988 Songs of Pain ikatolewa upya kwa kaseti ili watu wainunue. Mimi kazi yangu ni ya ofisi na mafaili, nami nimeona ya kuwa kitu kisichotiwa jina wala tarehe, hata kikiwa kizuri namna gani, baada ya miaka 10 ni takataka.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa ninyi wazee wenzangu: aliye na kanda ya kwaya, ya bendi au ya sherehe yoyote ya shule asiitupe. Aje nayo siku ya mkutano wetu, tuitafutie fundi wa kuiingiza katika kompyuta. Iwekwe mahali pakavu, pasipo jua, mbali na spika kubwa, kwa kuwa sumaku ya spika huweza kuiharibu. Ikiwa imeota ukungu, isichezwe kwanza; itachafua mashine na huenda ikakatika.

Na kwa ninyi vijana: simu iliyo mfukoni mwa kaka zenu inarekodi vizuri kuliko ile redio kaseti ya mwaka 1980. Siku mtakapopata barua fupi kama ya mwenzetu, nanyi mtaipata, tafuteni chumba chenye utulivu likizoni, imbeni, na kesho yake imbeni tena. Kisha andikeni jina la wimbo, jina la mwimbaji, na tarehe.