Masonara wa Mwanza

Masonara wa Mwanza ni mafundi na wafanyabiashara wa mapambo ya dhahabu na fedha katika jiji la Mwanza, kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Viktoria. Kwa desturi duka la sonara ni mali ya familia, na ufundi hurithishwa nyumbani. Neno "sonara" limetokana na Kihindi.

Asili

Wengi wa masonara wa kwanza wa Afrika Mashariki walikuwa Wahindi kutoka Gujarat, ambako kazi hiyo ni ya tabaka la Wasoni. Walianzia Zanzibar na miji ya pwani. Mwanza ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1892 kama kituo cha kijeshi. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, wafanyabiashara waliweza kuvuka ziwa kwa meli hadi Mwanza. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na biashara ya pamba ya Wasukuma ilileta fedha mjini.

Kazi

Sonara huyeyusha dhahabu, huimimina katika kalibu, kisha huifua na kuilehemu kuwa pete, hereni, bangili au mkufu. Dhahabu tupu ni laini mno, hivyo huchanganywa na shaba au fedha. Dhahabu tupu ni ya karati 24. Ya karati 22 ina takriban asilimia 91.6 za dhahabu, na ya karati 18 ina asilimia 75. Mnunuzi hawezi kuona tofauti hiyo kwa macho, kwa hiyo jina la familia ndilo lililokuwa dhamana yake. Sonara hupima kwa mzani, jiwe la kupimia na tindikali. Hata vumbi la karakana halitupwi, kwa kuwa lina chembe za dhahabu.

Kutaifishwa kwa majengo

Familia nyingi za wafanyabiashara wa Kihindi ziliishi ghorofani, juu ya duka. Baada ya Azimio la Arusha (1967), sheria ya mwaka 1971 iliiruhusu serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wenye nyumba wakawa wapangaji wa Msajili wa Majumba, na Watanzania wengi wenye asili ya Asia walihamia Uingereza na Kanada. Familia ilipohama, ufundi wake uliondoka nayo, isipokuwa pale wasaidizi wa karakana walipokuwa wamefundishwa kazi.

Dhahabu ya jirani

Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza kuna Geita, ambako dhahabu iligunduliwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Mwaka 2019 serikali ilianzisha masoko ya madini ili wachimbaji wadogo wauze kwa uwazi. La Geita lilifunguliwa mwezi Machi mwaka huo. Tarehe 13 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha kusafisha dhahabu jijini Mwanza, chenye uwezo wa kusafisha kilo 480 kwa siku.

Hata hivyo, dhahabu nyingi ya Tanzania huuzwa nje bila kufanywa mapambo, na madukani huuzwa pia mapambo yaliyotengenezwa Dubai na India. Kwa hiyo sonara wa leo mara nyingi hupata riziki kwa kukarabati mapambo na kuyeyusha ya zamani.

Tazama pia

Dhahabu
Geita
Mwanza (mji)