Daftari la Ukoo na Wajibu wa Mchungaji: Mafunzo kutoka Singida

Utangulizi

Katika mazishi ya Kikristo mkoani Singida, kama kwingineko nchini, husomwa historia ya marehemu. Aghalabu karatasi hiyo huandikwa usiku wa msiba, kwa haraka, na wajukuu wanaoulizana majina ya wazazi wa marehemu. Hutajwa mwaka wa kuzaliwa uliokisiwa, mwaka wa ubatizo, idadi ya watoto, kisha ugonjwa. Yaliyosalia huzikwa pamoja na mwili. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo yafaa ifanywe mapema, wazee wakiwa hai, kwa kuandaa daftari la ukoo, na kwamba mchungaji ana sehemu yake katika kazi hiyo.

Kumbukumbu iliyokatika

Singida haikukosa historia. Habari za Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani na ambaye masimulizi yasema alitumia nyuki vitani, zilihifadhiwa vinywani mwa watu hata jina lake likapewa uwanja wa michezo mjini Singida. Lakini kumbukumbu ya taifa na kumbukumbu ya nyumba ni vitu viwili. Katika nyumba nyingi uzi umekatika mara kwa mara, na sababu zake zajulikana.

Kwanza ni njaa. Ile iliyowapata watu wa Kanda ya Kati mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo huiita Mtunya, ilitawanya jamaa. Watoto wengine walipelekwa kulelewa kwa wenye chakula. Pili ni kazi ya mbali. Wanaume wengi wa Kinyaturu na Kinyiramba walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge, na wengine hawakurudi. Tatu ni kuhamishwa. Kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka makazi yao ya asili, na makaburi ya mababu yakabaki katika mahame ambayo vijana wa leo hawawezi kuyaonyesha.

Nne ni sisi wenyewe, yaani Kanisa. Misioni ya Leipzig ilianza kazi Iramba kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na mwaka 1926 wakaja Waluteri wa Augustana kutoka Marekani. Injili ililetwa, shule na hospitali zikajengwa. Hata hivyo, aliyebatizwa alipewa jina jipya, na jina la ukoo mara nyingi likasahauliwa. Kwa kuwa matambiko yalikatazwa, wengine walidhani kwamba hata kuwataja waliokufa ni kurudi nyuma.

Ukoo wa nani?

Anayeanza daftari kwa kawaida huchora mti wa baba, babu na baba wa babu. Kwa Wanyaturu, wanaofuata ukoo wa baba, mti huo wafaa kwa sehemu kubwa. Lakini Wanyiramba na Wanyisanzu kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Akichora baba peke yao, Mnyisanzu atakuwa ameandika ukoo ambao babu zake wasingeutambua. Fomu za serikali na mazoea ya ofisi zetu yametufundisha kuuliza kwanza jina la baba. Daftari la ukoo lisifungwe na mazoea hayo.

Hapa Mathayo atufundisha jambo. Katika orodha ya vizazi aliyoiweka mwanzoni mwa Injili yake amewataja Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, wanawake ambao mwandishi mwenye kuona haya angewaacha. Bwana wetu hakuona aibu kuzaliwa katika ukoo wenye wageni na wenye dhambi. Basi mtoto aliyelelewa kwa sababu ya njaa, mjane aliyerithiwa na mtoto wa nje ya ndoa wana haki ya kuwamo.

Tahadhari mbili

Ya kwanza: Maandiko hayo hayo yatuonya katika 1 Timotheo 1:4 na Tito 3:9 juu ya nasaba zinazoleta mashindano. Nasaba yaweza kuwa silaha. Nchini Ujerumani, baada ya mwaka 1933, serikali ya Hitler ilitaka watu wathibitishe kwamba hawakuwa na babu Myahudi, na wachungaji wakatoa nakala kutoka vitabu vya ubatizo kwa ajili hiyo. Kitabu kilichoandikwa kuwa ushuhuda wa neema kikatumika kuwatenga watu, na hatimaye kuwaangamiza. Daftari linaloandikwa ili kumnyima mtu shamba, au kumwambia kwamba yeye si wa hapa, ni heri lisiandikwe.

Ya pili: kuwakumbuka wafu si kuwatambikia. Tunawaandika ili kumshukuru Mungu aliyewapa uhai, wala hatuwaombi mvua. Tukiutimiza wajibu wa amri ya nne, tunawaheshimu baba na mama hata baada ya kuwazika.

Namna ya kuandaa

Litafutwe daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mzee apewe kurasa zake: majina yake yote, pamoja na lile la kabla ya ubatizo na maana yake, mama yake na mjomba wake, mahali alipozaliwa, mahame na ramani yake iliyochorwa kwa mkono. Asiyejua mwaka wake aulizwe matukio: je, alikuwa anachunga wakati wa Uhuru mwaka 1961? Alikuwa ameolewa walipohamishiwa kijijini? Iandikwe pia nani alisimulia na lini; na wasimulizi wawili wakipingana, yaandikwe maneno yao wote wawili.

Kisha vibandikwe vielelezo: cheti cha ubatizo na cha kipaimara, kipande cha manamba, stakabadhi ya kodi, kadi ya TANU, barua, picha. Nyuma ya picha yaandikwe majina kwa kalamu ya risasi. Hati ya pekee isipakwe gundi. Ibandikwe nakala, na hati yenyewe iwekwe mbali na mchwa na unyevu. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu na kutumwa kwa jamaa walio mbali.

Mchungaji asaidie kwa kuvitunza vitabu vya usharika na kuwasomea wanaotafuta habari za wazazi wao. Lakini awe mwangalifu: yaliyosemwa katika maungamo hayaingii katika daftari lolote, na siri ya aliye hai haiandikwi pasipo idhini yake.

Hitimisho

Misioni ya Leipzig ilitunza nyaraka zake, na leo zimehifadhiwa Halle, Ujerumani. Humo wamisionari wana majina yao kamili. Bibi zetu waliowapikia, kuwafundisha lugha na kuwaombea, wengi wao hawamo. Nafasi yao ni katika madaftari yetu, na wanaowakumbuka wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi wa theolojia anayekwenda likizo nyumbani aanze na mzee mmoja, kalamu moja na swali moja: mama yako aliitwa nani?